Daftari Kwanza, Mashine Baadaye



Nina machache ya kusema juu ya makaratasi ya zamani yaliyomo katika stoo ya maktaba yetu. Muhula uliopita sisi wa chama cha maktaba tulianza kuyapiga picha kwa skana ili yahifadhiwe katika kompyuta. Nia ilikuwa njema, lakini kazi tuliianzia mkiani. Picha zilipatikana nyingi mno, kila moja ikiwa na jina la tarakimu tupu lililotolewa na mashine yenyewe. Mzee mmoja aliyesoma hapa alipokuja kutafuta jina lake katika rejista, tulihangaika mchana kutwa mbele ya kompyuta, na mwishowe tukaenda kufungua kitabu kile kile chenye vumbi. Niliona haya sana.

Kwa maoni yangu, kwanza tutoe vitu vyote stoo, tuviandike daftarini: ni kitu gani, cha mwaka gani, kina kurasa ngapi, na hali yake. Kila kitu kipewe namba, na namba hiyo ndiyo ianze jina la kila picha yake. Vinavyoliwa na mchwa na visivyopatikana kwingine vitangulie. Kamusi ziuzwazo madukani zingoje. Ndipo tupige picha kwa nukta 300 katika kila inchi, na mtu mwingine, si yule aliyepiga, alinganishe picha na kurasa kabla kitabu hakijarudishwa.

Wako wasemao kwamba picha zikiisha makaratasi yachomwe, stoo ipate nafasi. Hapo sikubali hata kidogo. Mwaka 1986 BBC ya Uingereza ilitoa diski zenye habari za nchi nzima, ambazo hata watoto wa shule walisaidia kuziandika, kwa kuadhimisha miaka 900 ya Domesday, kitabu cha Mfalme William cha mwaka 1086. Haikupita miaka ishirini, mashine za kusomea diski hizo zikawa adimu, na wataalamu wakataabika kuziokoa. Kitabu cha ngozi kingali kinasomeka.

Basi makaratasi yabaki, na picha ziwe na nakala tatu, moja ikae nje ya shule, zote zifunguliwe kila mwaka zitazamwe. Rejista, kwa kuwa zina siri za watu, zisitiwe katika intaneti.

Namwomba Mwalimu wa maktaba atupe Jumamosi mbili, daftari kubwa moja, na ufunguo wa stoo.