Mateka wa Newala na Masasi wanadai majina yao

Novemba 1, 2023, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alisimama Songea akaomba radhi kwa yaliyotendwa wakati wa Vita vya Majimaji. Alifanya la haki. Ila mazungumzo yetu kuhusu ukoloni wa Kijerumani yamezoea kukomea 1907, kana kwamba miaka saba baadaye watu wa kusini hawakuburutwa kwenye vita vingine visivyowahusu, Vita vya Kwanza vya Dunia. Nasema madai yetu yavuke hapo, na Waingereza nao waulizwe. Tazama tu jinsi mateka walivyotendewa.

Sheria ilikuwepo. Mkataba wa The Hague wa 1907 ulitaka mateka alishwe na kuvishwa sawa na askari wa jeshi lililomteka, na kazi atakayopewa isimzidi nguvu wala isihusiane na vita. Huku kwetu ilitazamwa rangi kwanza, ndipo sheria. Jasini, mpakani kaskazini mwa Tanga, Januari 1915, Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, aliwarudishia maofisa wawili wa Kiingereza panga zao, akawaacha waende kwa ahadi tu kwamba hawatapigana naye tena. Askari wa Kihindi waliotekwa pamoja nao walibaki kifungoni.

Raia nao hawakutendewa sawa. Masasi ilikuwa kituo cha wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, tangu 1876, Askofu Edward Steere alipowapeleka huko watumwa walioachwa huru kutoka Unguja. Vita vilipoanza, Waingereza wa misheni hiyo walizuiliwa, na makanisa na shule vikabaki mikononi mwa Waafrika. Wamisionari waliishia kwenye kambi za bara, Kiboriani na Tabora, hadi Wabelgiji walipoingia Tabora Septemba 1916. Malalamiko ya Wazungu waliofunguliwa huko ni ya kweli: chakula kibovu, homa, matusi. Lakini ukiyasoma, utaona jambo moja linarudiwa kwa uchungu wa pekee, nalo ni kufanyishwa kazi za mikono mbele ya Waafrika.

Walimu Waafrika wa misheni hiyohiyo, hasa wa upande wa Magila, karibu na Muheza, walishukiwa upelelezi. Wao walitiwa minyororo, wakachapwa viboko, na wapo waliokufa. Waliofungwa mnyororo mmoja shingoni hula pamoja na kulala pamoja. Mmoja akishikwa na tumbo usiku, wote huamka. Hayo ndiyo mateso ninayotaka tuyapime kwanza, kabla ya aibu ya Mzungu kushika ufagio.

Askofu Frank Weston wa Zanzibar aliwatetea kwa barua ya wazi kwa Jenerali Smuts, aliyewahi kuongoza majeshi ya Kiingereza huku, barua iliyochapishwa 1918, akitaka koloni hili lisirudishwe kwa Wajerumani. Weston huyohuyo alikuwa ameongoza wapagazi wa Zanzibar katika jeshi la Kiingereza mwaka 1916. Namheshimu kwa sababu hakuishia hapo: 1920 aliwageukia Waingereza wenyewe kwa kazi za kulazimisha huko Kenya.

Kwenye uwanda wa Makonde tofauti ilikuwa wazi zaidi. Newala maji yako chini, bondeni, na Novemba 1916 Wajerumani waliwakatia maji Wareno, washirika wa Waingereza, waliokuwa ndani ya boma hadi wakalikimbia. Mwaka mmoja baadaye zamu ikawa yao. Chakula na kwinini vilipokwisha, Lettow-Vorbeck aliacha mamia ya wagonjwa na wachovu wake Chiwata na Nambindinga, akavuka Ruvuma Novemba 25, 1917. Siku tatu baadaye ofisa wake, Kapteni Tafel, akajisalimisha na kikosi chake karibu na Newala.

Wajerumani waliotekwa walipelekwa kambini kama wanajeshi. Askari Waafrika, wengine waliishia kuvaa sare ya King's African Rifles (KAR), jeshi la Kiingereza, na kupigana upande wa pili. Na mpagazi? Mkataba wa The Hague ulimtambua hata mwandishi wa habari anayefuatana na jeshi, mradi awe na cheti chake. Mpagazi wa Kimakonde au Kiyao angekipata wapi cheti? Akitekwa, alibebeshwa mizigo ya jeshi jipya.

Mwaka 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, waliofia upande wa Uingereza hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Ikaomba radhi.

Watasema wahusika wote wameshakufa. Hata wa Majimaji wamekufa, na Songea iliombwa radhi. Serikali yetu ilifikishe suala la 1914 hadi 1918 mezani, Berlin na London, na ombi la kwanza liwe fedha za kupekua majalada ya Kijerumani yaliyoko Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, pamoja na kumbukumbu za UMCA, kutafuta majina ya wapagazi na walimu waliofungwa. Yakipatikana, hata yakiwa machache, yaandikwe kwenye boma la Newala.