Ile Mia Mbili Unayopunguziwa Ndiyo Ulinzi Wako

"Bosi, ukilipia huko watanikata. Nitumie tu kwa hii namba yangu, nikupunguzie mia mbili."

Kama unanunua vitu mtandaoni, ujumbe kama huu huenda si mgeni kwako. Umeona simu nzuri, bei imekaa vizuri, muuzaji anajibu haraka na kwa heshima. Anachoomba ni kidogo tu: muachane na soko mlikokutana, mmalizane wawili wenu. Huenda hata si tapeli. Ada anayolalamikia ipo kweli. Lakini msimamo wetu ni huu: ukikubali punguzo hilo kabla hujauona mzigo, umeuza ulinzi wako kwa mia mbili.

Tunasema hivi kwa sababu sisi ni watu wa malipo, na tunajua mahali kazi yetu inapoishia. Ukituma pesa kwa simu, ada yako inalipia safari ya pesa. Haikagui viatu wala haifungui katoni kuona kama ndani kuna simu au kipande cha sabuni. Ukishaweka namba ya siri, pesa inafika papo hapo, sawa na noti uliyomkabidhi mtu mkononi.

Wengi husema, "Si nitarudishiwa tu?" Hapana, si rahisi hivyo. Kwa M-Pesa, kwa mfano, ukituma kwa namba isiyo sahihi unapeleka ule ujumbe wa muamala kwa 456. Huduma hiyo iliwekwa kwa ajili ya pesa iliyopotea njia. Wewe uliyemlipa muuzaji, namba ilikuwa sahihi na jina ulilisoma kabla ya kukubali. Ugomvi wenu ni wa mzigo. Na akishatoa pesa zote kwa wakala, hakuna kilichobaki cha kurudisha.

Masoko hayafanani

Watu husema "nilinunua mtandaoni" kana kwamba ni mahali pamoja. Kuna aina tatu, na kila moja ina ulinzi wake.

Ya kwanza ni soko linalosimamia mauzo yenyewe, kama Jumia, ambayo imekuwa Kenya tangu 2013. Muuzaji hukatwa kamisheni kulingana na aina ya bidhaa, na pesa zake humfikia baadaye. Mnunuzi ana utaratibu wa kurudisha bidhaa.

Ya pili ni ukumbi wa matangazo, kama Jiji, iliyochukua biashara ya OLX hapa nchini 2019. Hapo muuzaji anaweza kulipia tangazo lake lionekane zaidi, lakini kulipana ni kati yenu wawili. Ndiyo maana wenyewe wanawaonya wanunuzi wasilipe kabla ya kuona bidhaa.

Ya tatu ni mitandao ya kijamii, vikundi na kurasa za watu. Huko mara nyingi hakuna anayekata ada, na hakuna anayesimama katikati mambo yakiharibika.

Yule muuzaji wa mia mbili anakutoa kwenye aina ya kwanza na kukushusha hadi ya tatu, huku wewe ukidhani bado uko pale pale.

Muuzaji naye ana haki ya kulalamika

Tusimlaumu muuzaji bila kuhesabu naye. Tuseme mama mmoja wa Nyaramba anauza viatu. Ananunua jozi kwa jumla shilingi 1,500, usafiri 100, anauza 2,000. Akiuzia mtu ana kwa ana, anabaki na 400. Akiuza kwenye soko linalokata asilimia 12, zinaondoka 240 na anabaki na 160. Jozi moja ikirudishwa, na yeye ndiye agharamie usafiri wa 200, faida ya jozi nzima imekwisha na amerudi nyuma kwa 40. Kwa hiyo akikuambia "watanikata", hatanii.

Lakini dawa yake ni hesabu. Wengi huongeza asilimia 12 juu ya 2,000, wanaandika 2,240, kisha wanashangaa mbona bado pesa hazitoshi. Soko halikati kwenye 2,000, linakata kwenye bei mpya. Katika 2,240 atakatwa karibu 269, abaki na 1,971. Hesabu sahihi ni kugawanya 2,000 kwa 0.88, ambayo inatoa karibu 2,275. Hapo akikatwa, 2,000 yake inabaki nzima. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Je, mnunuzi alipe hiyo 275 zaidi? Jibu letu si ndiyo kila wakati. Kama viatu viko hapo Nyaramba, nenda siku ya soko, vivae, tembea hatua tano, lipa 2,000 papo hapo. Macho yako ni ulinzi tosha na hayana kamisheni. Lakini kama ni simu inayotoka Nairobi, itakayosafirishwa kwa matatu hadi Kisii au Nyamira kisha ipande boda, nauli tu ya kumtafuta muuzaji inazidi hiyo ada mara kadhaa. Hapo ada unayoikwepa ndiyo bei ya kuwa na mtu wa kumuuliza.

Wengine walipitia wapi

Jambo hili halikuanzia kwetu. Kule China, Taobao ilianza 2003 bila kuwatoza wauzaji ada ya kuweka bidhaa, ikishindana na eBay iliyokuwa ikitoza. Lakini bure peke yake haikuondoa hofu, kwa kuwa mnunuzi na muuzaji hawakujuana. Mwaka wa 2004 Alipay ikaja na njia rahisi: pesa inashikiliwa katikati, muuzaji anatuma mzigo, mnunuzi akithibitisha amepokea ndipo pesa inaachiliwa. Mwishoni mwa 2006 eBay ikafunga tovuti yake ya China. Tunachojifunza ni kwamba kilichowafanya watu walipane na wasiowajua ni kule kushikiliwa kwa pesa, kuliko bei nafuu.

Upande wa pili, Etsy ya Marekani ilipopandisha ada yake kutoka asilimia 5 hadi 6.5 Aprili 2022, maelfu ya wauzaji walifunga maduka yao kwa muda kupinga. Muuzaji atavumilia kukatwa akiona anachopata. Asipoona, atakimbilia namba yake ya simu.

Tunachodai

Kwa hiyo lawama haziishii kwa muuzaji. Soko linalokata pesa lina deni la maelezo. Limwonyeshe muuzaji ada yake kwa shilingi kabla hajaweka bidhaa, si kwa asilimia zilizofichwa ukurasa wa kumi. Limwambie atalipwa siku gani. Na bidhaa ikirudishwa, muuzaji naye asikilizwe, maana wapo wanunuzi wanaovaa kiatu harusini na kukirudisha Jumatatu. Hata soko la kaunti likitoza ushuru, mfanyabiashara ana haki ya kuuliza mbona choo hakifanyi kazi.

Sheria pia ipo. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, ya habari anazohitaji, na ya fidia akipata hasara kwa sababu ya bidhaa mbovu. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012 inagusa hata mikataba ya intaneti. Ila haki hizo unamdai mtu anayejulikana aliko. Ukilipa namba ambayo kesho haipatikani, utaanza kwa kumtafuta mtu kabla ya kudai chochote.

Kabla hujaweka namba ya siri, jiulize haya:

Mzigo usipofika, nitampigia nani zaidi ya muuzaji mwenyewe? Kama jibu ni hakuna, lipa ukiupokea.

Jina lililotokea kwenye simu linalingana na la duka? Kama duka lina jina lake na pesa inaenda kwa mtu mwingine, uliza sababu kwanza.

Mazungumzo na malipo yote yamebaki ndani ya soko? Ukitoka nje kulipa, soko lina kila sababu ya kukuambia halikuhusiki.

Nimehifadhi ujumbe wa malipo na picha ya tangazo? Usifute chochote mpaka mzigo uwe mkononi na umeujaribu.

Na muuzaji akisisitiza ile mia mbili, mjibu kwa upole: "Sawa, nipunguzie, lakini nitalipa mzigo ukifika." Muuzaji mwaminifu aliyechoshwa na ada ataweza kukubali. Akikataa kabisa, bakisha pesa zako kwenye simu.