Baada ya Kuzikana

Wachimba makaa ya mawe 13 kutoka Hungaria walipokutana Hazleton, Pennsylvania, Februari 1886, kuanzisha chama cha kusaidiana, sababu yao ilikuwa moja, nayo ilitosha: mauti. Mgodi ukimwangukia mtu, kampuni haikujiona ina deni kwa mjane. Sheria ya fidia kwa wafanyakazi wa Pennsylvania haikupitishwa hadi 1915, miaka minane baada ya mgodi wa Darr kulipuka na kuua watu 239, Wahungaria wengi wakiwemo. Basi kila mtu alitoa ada yake kidogo kidogo, na siku yake ikifika jeneza likanunuliwa, mjane akapata chochote cha kuanzia.

Toleo hili linahusu kujitolea, na huenda msomaji akauliza Wahungaria wanatuhusu nini sisi Waafrika. Wanatuhusu kwanza kwa ujirani. Miji ya Marekani ya Buffalo na Louisville imejaa Wakongo waliopitia kambi za Uganda, Tanzania na Burundi. Columbus ina Wasomali, na miongoni mwao Wabantu wa Somalia ambao baadhi bado wanazungumza Kizigua cha mababu zao. Kusini mwa jiji hilohilo kuna mtaa unaoitwa Hungarian Village mpaka leo, uliokaliwa na watu waliofuata kazi za viwanda vya chuma. Wanatuhusu pili kwa sababu jambo tunalohangaika nalo leo wao walishalipitia.

Chama cha Hazleton kiliitwa Verhovay. Mwaka 1955 kiliungana na kingine, Rákóczi, kikachukua jina la William Penn, mwasisi wa Pennsylvania. Makao yake yako Pittsburgh, kinauza bima ya maisha, na siku hizi si lazima uwe Mhungaria ndipo ujiunge. Vitukuu wa wachimba migodi hawafi tena chini ya ardhi. Ni walimu, mafundi, wastaafu. Jeneza wanaweza kulinunua wenyewe. Kwa hesabu ya kawaida chama kilipaswa kufa zamani, kama vilivyokufa vingi vya Wapolandi, Waslovaki na Waitalia.

Hakikufa. Ukiwatafuta wanachama wake Tonawanda, pale Mto Niagara unapokutana na mfereji wa Erie, au Columbus, utawakuta kwenye kazi zisizo na sifa: kupanga makopo ya maharage kwenye stoo ya chakula ya kanisa, kuokota takataka bustanini, kumkatia nyasi mzee wa mtaani ambaye hana hata tone la damu ya Hungaria. Tangu mwaka 2000 vyama vya aina hii Marekani vimekuwa na siku yao maalumu ya kujitolea, ambayo sharti lake nalipenda: vijana na watu wazima wapange kazi pamoja na kuifanya pamoja. Kijana haitwi kubeba viti tu.

Kuna jambo ambalo wapenda hadithi za wema huliruka. Kwa sheria ya Marekani, chama cha kindugu kinachotoa mafao hakilipi kodi ya mapato ya serikali kuu. Msamaha huo una zaidi ya miaka mia moja, na una masharti: kiwe na matawi yanayoendeshwa na wanachama, na kiwalipe wanachama mafao. Sheria za majimbo nazo hutaka kiwe na lengo lingine mbali na biashara, kama hisani, elimu au dini. Kampuni ya bima ya kawaida hulipa kodi. Kwa hiyo mama anayepanga makopo Tonawanda anawalisha majirani, na papo hapo anamwonyesha mtoza kodi kwamba tawi lake li hai. Wengine wataona huo ni unafiki. Mimi naona ni utaratibu mzuri, kwa sababu wema usiotegemea mtu kuamka na moyo mweupe hudumu zaidi.

Tazameni pia Ligonier, Pennsylvania. Mwaka 1921 Wahungaria wa kanisa la Reformed walifungua huko makao ya yatima yaitwayo Bethlen. Yatima walipopungua, makao yaligeuka kuwa ya wazee. Majengo, bodi na mfuko wa fedha vilikuwepo; kilichobadilika ni mhitaji.

Sisi je? Kuzikana na kuchangiana hatujambo. Dar es Salaam kuna vyama vya kufa na kuzikana kila mtaa, Buganda kuna munno mukabi, Kinshasa likelemba, Nairobi chama. Mtu akifariki Buffalo, kundi la WhatsApp linawaka usiku huohuo, na kabla ya juma kwisha maelfu ya dola ya kusafirisha mwili yamepatikana. Ni kazi kubwa, wala siidharau. Ila fedha hizo huanza kutafutwa maiti ikiwa tayari mochwari, na zikitumika hakibaki kitu. Hata vikoba vyenye ada ya kila mwezi huvunja sanduku Desemba na kugawana. Wale wa Hazleton hawakugawana. Akiba ya waliokufa wazee ndiyo inayowapa wajukuu muda na fedha za kumhudumia mtu baki.

Nimeambiwa, na wahamiaji wenyewe, kwamba haya ni maneno ya walioshiba: mtu anayetoka zamu ya usiku ghalani saa kumi na mbili asubuhi hawezi kuombwa Jumamosi yake. Hoja hiyo ina nguvu. Lakini Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, na mashirika yaliyokuwa yakiwapangishia wageni nyumba na kuwaandikisha watoto shule yakapunguza watu. Aliyefika Louisville miezi michache kabla ya hapo, akiwa bado hajui basi lipi linakwenda kliniki, alibaki mgeni wa nani? Vyama vyetu vina watu wanaoijua njia hiyo. Lakini vingi havina kifungu cha katiba kinachoviruhusu kutumia hata dola 20 kwa asiye mwanachama.

Kwa hiyo tunavialika vyama vya wasomaji wetu, vya huku na vya nyumbani, vitutumie katiba zao, hasa kifungu kinachosema salio la mwisho wa mwaka linakwenda wapi. Vifungu tutakavyovipata tutavichapisha toleo lijalo, vikiwa sambamba.