Saa za Bawabu Zinajulikana, Zilipwe

Mapema mwaka 2024, Mamlaka ya Kudhibiti Sekta ya Ulinzi wa Kibinafsi (PSRA), chini ya mkurugenzi wake Fazul Mahamed, iliagiza kila kampuni ya ulinzi jijini Nairobi na viunga vyake imlipe bawabu angalau Sh30,000 kwa mwezi. Wenye kampuni wakaja juu. Walisema nyongeza hiyo haibebeki, na suala likafika mahakamani. Hadi leo wapo wanaozitaja zile elfu thelathini kama ukarimu ambao nchi haiuwezi. Nimechoshwa na maneno hayo, kwa sababu aliyesoma mchanganuo wa kiasi hicho anajua hapakuwa na zawadi ndani yake.

Mshahara wa msingi ulikuwa Sh18,994. Marupurupu ya nyumba, yaani asilimia 15 ya mshahara huo, yalikuwa Sh2,849. Zilizobaki, Sh8,157, ni malipo ya saa za ziada. Zaidi ya robo ya fedha zilizozua kelele zote hizo ni jasho ambalo bawabu alikuwa akilitoa tayari.

Amri ya mishahara ya sekta ya ulinzi ya mwaka 1998 inaweka saa 52 kwa wiki, kwa siku sita. Saa inayozidi hapo hulipwa mara moja na nusu. Ya siku ya mapumziko au sikukuu, mara mbili. Sasa mwangalie bawabu wa zamu ya saa 12, anayeingia alfajiri na kumpisha mwenzake jioni. Kwa siku sita amefanya saa 72, yaani 20 juu ya zile za sheria. Ukigawanya ule mshahara wa msingi kwa saa 225 za mwezi, saa ya kawaida ni kama Sh84 na ya ziada Sh126. Wiki nne pekee zinavuka Sh10,000. Basi hata hesabu ya PSRA ilimpunja bawabu asiye na wa kumshikia lango akapate chakula.

Wenye kampuni wana hoja zao. PSRA haina mamlaka ya kupanga mishahara, wanasema, hiyo ni kazi ya Waziri wa Leba. Huenda ni kweli. Mahakama ndiyo ya kuamua. Wateja watakimbia na ajira zitapotea: linawezekana, ingawa husemwa kila mishahara inapotajwa. Hakuna hata moja kati ya hoja hizo inayoifuta amri ya 1998, iliyokuwapo kabla PSRA haijazaliwa.

Kisichovumilika ni dai kwamba saa hizo haziwezi kuthibitishwa. Bawabu aliyefutwa kazi akifika mahakamani hutakiwa aonyeshe ni siku zipi na saa ngapi, na wengi hukwama hapo, dai la ovataimu likatupwa. Lakini langoni pana kitabu cha matukio, OB. Yeye ndiye aliyekiandika: nimepokea zamu saa hii, nimekabidhi saa hii. Siku anayofukuzwa, kitabu kinabaki kwa mwajiri. Halafu kuna ankara. Kampuni humtoza mteja saa 12 za mchana na saa 12 za usiku, na mlinzi asipofika mteja hupiga simu papo hapo. Kampuni iliyouza saa 12 na kulipwa saa 12 haiwezi kusimama mbele ya jaji ikasema haijui mtu wake alifanya kazi saa ngapi. Huo ni uongo, na wanaoukubali wanamsaidia mwizi. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri aandike masharti ya kazi, saa zikiwemo. Akishindwa kuyatoa kortini, mzigo wa uthibitisho ni wake. Kifungu hicho kitumike kwa ukali wake wote.

Serikali nayo ijitazame. Wiki ina saa 168. Kulilinda lango moja bila kukoma, kila mtu akifanya saa 52, kunahitaji walinzi zaidi ya watatu. Ofisi ya umma inayokubali zabuni ambayo bei yake inatosha walinzi wawili imeshajua kwamba kuna mtu atafanya kazi bila kulipwa, na imetia saini. Wakaguzi wa leba waanzie hapo.

Nawe bawabu, usikitegemee kitabu cha tajiri. Nunua daftari lako, andika kila siku saa ya kuingia na ya kutoka, na hifadhi ujumbe wa malipo ya kila mwezi. Usikae na dai lako ukingoja huruma: sheria imeweka ukomo wa muda wa kulifikisha mahakamani.