Turubai Si Kinga ya Radi

Katika nyanda za juu za Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, dereva wa gari la wazi hukunja turubai wakati wa kiangazi ili apate upepo, na hulifunga tena masika yanapoingia. Uamuzi huo ni wa busara, kwa kuwa turubai huzuia maji. Kosa huanza abiria wanapodhani kuwa huzuia radi pia.

Mnamo mwaka 1836, mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday alionyesha kuwa umeme hupita juu ya chumba kilichozungushiwa metali bila kumdhuru aliyemo ndani. Ndiyo sababu gari lenye paa la chuma, vioo vikiwa vimefungwa, ni kinga njema. Sifa hiyo si ya matairi, kama wengi waaminivyo: radi iliyokwisha kuvuka kilometa kadhaa za hewa haiwezi kuzuiwa na mpira wa sentimita chache. Turubai halina uwezo wa kuupitisha umeme pembeni ya abiria.

Yafaa basi dereva asingoje matone, bali asikilize. Sauti husafiri kilometa 1 kwa sekunde 3 hivi. Ngurumo ikisikika kabla ya sekunde 30 kupita tangu mmweko, radi haijafika mbali zaidi ya kilometa 10. Hapo abiria waingie katika jengo imara, wala wasikimbilie mtini, na wangoje dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Hesabu hiyo ndogo yastahili kufundishwa katika kila darasa la fizikia.