Usiulizwe tu kama kifundo kinauma, dai kipimwe

Umeteguka kifundo cha mguu uwanjani. Wiki ya tatu unarudi kliniki, unaulizwa, "Bado unaumwa?" Unajibu la, maana Jumamosi kuna mechi. Basi, ati umepona! Hakuna aliyepima chochote.

Hapo ndipo nina neno. Tunapenda kusifu mashine za nje, kama Anklebot iliyobuniwa katika chuo cha MIT, Marekani, kusaidia waliopata kiharusi kutembea tena. Wengi wanaona roboti inayosukuma mguu tu. Mimi kinachonivutia ni kwamba inapima huku ikifanya kazi: kifundo kimekunjika nyuzi ngapi, misuli imesukuma kwa nguvu gani, kiungo ni kigumu kiasi gani.

Lakini hata roboti inaweza kukudanganya. Tuseme imekuinulia unyayo nyuzi 15. Skrini itaonyesha 15, ilhali wewe mwenyewe ungefika 5 tu, zilizobaki ni za mota! Ndiyo maana lazima vipimo vitenganishwe: mguu unaposogezwa ukiwa umelegea, na unapousogeza mwenyewe bila msaada wa mashine. Ukionyeshwa namba moja tu, uliza ni ya nani.

Sasa, usingoje roboti ifike kaunti yako. Vua viatu, simama ukitazama ukuta, kidole gumba kikielekea ukutani. Kunja goti liguse ukuta bila kisigino kuinuka. Rudisha mguu nyuma kidogo kidogo hadi mahali pa mwisho ambapo goti bado linafika, kisha pima kwa futi kamba kutoka gumba hadi ukutani. Rudia na mguu ule mzima. Ukipata sentimita 11 kwa mguu mzima na 6 kwa ulioteguka, hata kama husikii maumivu, hicho kifundo bado. (Kama huwezi kukanyaga, usijaribu kabisa. Nenda upigwe picha kwanza.)

Najua nitaambiwa wahudumu ni wachache na foleni ni ndefu. Kweli. Lakini kipimo hiki ni cha dakika chache, na goniomita, kile kifaa kinachofanana na protrakta ya darasani, haihitaji hata stima.

Kwa hivyo safari ijayo ukiulizwa kama unaumwa, jibu ukweli. Kisha uliza wiki jana ulikuwa na sentimita ngapi, na usitoke humo kabla ya leo kuandikwa kwenye kitabu chako.