Mechi ina marudiano, kofi halina

Kuna jioni moja ambayo mashabiki wa Simba hawapendi kukumbushwa. Jumapili ya Oktoba 24, 2021, timu yao iliingia Uwanja wa Benjamin Mkapa ikiwa na mtaji wa mabao 2-0 iliyoyapata ugenini Botswana dhidi ya Jwaneng Galaxy. Wengi waliona kilichobaki ni kukamilisha ratiba tu. Simba ikatangulia hata kupata bao. Kipindi cha pili wageni wakafunga matatu, la mwisho zikiwa zimebaki dakika chache. Jumla ikawa 3-3, na kwa kanuni ya mabao ya ugenini Simba ikatolewa Ligi ya Mabingwa Afrika kabla ya hatua ya makundi.

Sasa vuta picha ya baba mmoja wa Kitendaguro, Manispaa ya Bukoba, anayetoka kwenye kibanda umiza baada ya kipigo kama kile. Mkeka wake umechanika. Simu haitulii, watani wa Yanga wanamtumia vicheko. Mbele yake kuna njia mbili. Moja inakwenda grosari. Nyingine inakwenda nyumbani, ambako mtoto wa miaka minane aliyevaa jezi nyekundu analia, na mama anapakua ndizi na maharage.

Wiki hii tunazungumza na baba huyo. Huenda ni wewe, huenda ni mwenzi wako.

Kwanza, tusimcheke. Anachokisikia ni cha kweli. Unapotazama mechi ya timu unayoipenda, mwili hutoa homoni za hofu na mapambano, ikiwamo adrenalini. Moyo hukimbia, shinikizo la damu hupanda, misuli hukaza. Kipenga cha mwisho kikipulizwa, mwili hautulii papo hapo. Unatoka kibandani ukiwa bado umewaka.

Kwa mgonjwa wa moyo au wa shinikizo la juu la damu, hilo si jambo dogo. Wakati wa Kombe la Dunia la 2006, madaktari wa eneo la Munich, Ujerumani, walihesabu wagonjwa wa dharura za moyo. Siku ambazo timu ya Ujerumani ilicheza, dharura hizo zilikuwa mara 2.66 ya siku za kawaida. Kwa wanaume zilizidi mara tatu.

Pili, kinachouma zaidi si kufungwa, ni kufungwa pale ulipokuwa na uhakika wa kushinda. Mwaka 2011 wachumi wawili, David Card na Gordon Dahl, walichapisha utafiti uliolinganisha matokeo ya ligi ya soka la Kimarekani na taarifa za polisi za ukatili majumbani. Timu ya nyumbani iliyotarajiwa kushinda ilipofungwa, ukatili wa wanaume dhidi ya wake na wapenzi wao uliongezeka kwa takriban asilimia 10. Ilipofungwa katika mechi iliyotarajiwa kuwa ngumu, ongezeko la maana halikuonekana.

Soma tena hapo, baba. Hatari ipo kwenye pengo kati ya ulichotarajia na ulichopata. Hata hivyo, takwimu hizo hazimpi mtu kisingizio. Mpira haupigi mtu. Mkono ni wako, na mamilioni ya mashabiki hufungwa kila wiki wakalala bila kumgusa mtu.

Tunashauri nini? Kabla ya mechi, jiambie kwa sauti kwamba timu yako inaweza kufungwa. Watu wa Kagera wana mfano wao. Mei 19, 2018, Kagera Sugar walikwenda Dar es Salaam wakaifunga Simba 1-0, siku ambayo Simba ilikuwa inakabidhiwa kombe bila kupoteza mchezo hata mmoja, Rais John Magufuli akiwa mgeni rasmi. Walioshangilia Bukoba siku hiyo wanajua kwamba mnyonge naye ana siku yake. Usilisahau hilo zamu inapokufikia wewe.

Kama una dawa za shinikizo la damu au kisukari, zimeze kwa saa yake, mechi iwepo isiwepo. Usishinde na njaa kibandani. Na ukisikia kifua kimebanwa, maumivu yakienda mkononi au kwenye taya, jasho la baridi au pumzi kukata, usisubiri dakika za nyongeza. Vivyo hivyo mdomo ukipinda ghafla, mkono ukikosa nguvu au maneno yakigoma kutoka. Nenda hospitali mara moja.

Baada ya kipigo, acha bodaboda ipite, tembea kwa miguu hadi nyumbani. Dakika 20 au 30 za kutembea huupa mwili nafasi ya kushuka. Zima simu. Watani wako hawatakimbia, kesho watakuwepo, na utani ukipokelewa kwa kicheko huisha mapema. Epuka grosari usiku huo. Iwe bia au rubisi, pombe haiondoi hasira, inaondoa breki. Na usiweke mkeka mwingine ili kurudisha hela iliyopotea. Hela hiyo huenda ndiyo ada ya shule.

Ukifika mlangoni na bado umewaka, sema ukweli: "Mama, leo nimeumia, nipeni muda kidogo." Kisha kaa nje mpaka utulie. Kusema hivyo hakumpunguzii mwanamume heshima.

Halafu mwite yule mtoto. Usimwambie "acha kulia, ni mpira tu", kwa sababu anajua kwamba kwako haukuwa mpira tu. Mwambie na wewe umeumia. Kula naye. Anachojifunza usiku huo ni namna mtu mzima anavyobeba aibu na hasara. Siku atakayofeli mtihani atakumbuka ulichofanya wewe.

Huzuni ya mpira kwa kawaida hupungua ndani ya siku chache. Ikizidi wiki mbili, usingizi na hamu ya kula vikipotea, au ukianza kufikiria kujidhuru, hilo si suala la timu tena. Fika kituo cha afya, sonona inatibika. Na mama, kama kila timu ikifungwa nyumba yako inageuka uwanja wa vita, usifiche. Dawati la Jinsia na Watoto lipo katika vituo vya polisi, na namba 116 hupokea simu za kuwasaidia watoto.

Simba yenyewe iliendelea kuishi. Msimu uleule ilihamia Kombe la Shirikisho ikafika robo fainali. Machi 2, 2024, ilikutana tena na Jwaneng Galaxy katika uwanja uleule ikashinda 6-0. Deni la mpira likalipwa. Lakini kama Oktoba ile kuna mama aliyepigwa, au mtoto aliyelala akitetemeka, mabao yale sita hayakumrudishia kitu.